Zimekaa Meza Moja, Hazisalimiani

Ndugu yangu, una kompyuta ngapi kwako? Kama ni moja, shukuru. Usitafute ya pili. Moja inatosha kukutesa.

Mimi nina desktopu kuukuu sebuleni, imebeba video za harusi ya shemeji, GB 180. Pembeni yake, meza hiyohiyo, kuna laptopu ya ofisini. Kati yao hapapiti hata mkono. Desktopu imeanza kuguna. Mama watoto kasema video zihame leo, zikipotea nitaenda mwenyewe kuwaeleza ndugu zake. Haya.

Nikachukua flashi ya mtoto. GB 32, tupu kabisa, nimefuta hadi nyimbo zake, na huo ugomvi bado haujaisha. Naweka faili la kwanza, GB 6. Kompyuta inasema faili kubwa mno. Kubwa mno wapi? Nafasi 32, mzigo 6! Dogo wa jirani, yuko fomu foo na huongea na watu wazima kama anatusamehe, akaniambia flashi imepangwa kwa FAT32, haipokei faili linalofika GB 4, hata iwe tupu vipi. Sasa 32 wameiandikia nini? Hajibu. Ananiangalia tu.

Nipandishe mtandaoni? Kwa bando langu hili la wiki? Ningeuza nyumba, na nyumba yenyewe ya kupanga. Ruta sina. Walio nazo mtaani wanabadilisha paswedi kila wakiniona nimeegemea ukuta wao.

"Anko, kwani ruta ya nini?" dogo akasema. "Mashine mbili tu hizo. Chomeka waya huku na huku."

Nikaenda Kariakoo. Fundi akapima mita mbili za kebo, akauliza, "Bosi, streti au krosi?" Nyuma yangu foleni. Watu wametega masikio. Na ukiuliza ndio nini, umeshapandishiwa bei. Nikasema krosi, kwa sauti ya mtu anayenunua krosi kila wiki.

"Krosi inaongezeka elfu mbili."

Ila yule bwana kazi anaijua, tusimdhulumu. Alichuna ganda, zikatoka nyaya nane nyembamba, zimesokotana mbilimbili. Akazinyoosha kwa kucha, akazipanga: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Akazikata sawasawa, akazisukuma kwenye kichwa cha plastiki, akabana na koleo, kraa! Upande wa pili akapindua: za kijani zikakaa pa chungwa, za chungwa pa kijani. Akanieleza huku anapokea hela. Nafasi ya 1 na 2 ndizo za kusemea, 3 na 6 za kusikilizia. Usipopindua, mdomo unagusana na mdomo, sikio na sikio, mashine zinakesha zinapigiana kelele.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Dogo akaigeuza kebo mara moja tu.

"Krosi? Anko, kadi za gigabiti karibu zote zinajipindua zenyewe. Moja ikiwa nayo, inatosha. Hiyo laptopu yako inayo. Ungechukua streti tu."

Eti gigabiti ya waya wa shaba ilipitishwa 1999. Hajazaliwa bado, lakini anaisimulia kama alikuwepo kikaoni. Elfu mbili yangu ndiyo imeshakwenda.

Tukachomeka. Taa ya kijani ikawaka, watoto wakapiga makofi. Nikafungua laptopu kuitafuta desktopu. Haipo. Ipo hapa, naigusa kwa kiwiko! Dogo akachungulia. Kila mashine inajiita 169.254 na mkia wa namba za kubahatisha. Ndivyo zinavyojibatiza zikikosa wa kuzigawia anwani. Akasema kwa kawaida zingeonana hivyohivyo, ila za kwangu zimegoma, tuandike kwa mkono. Kila moja ipewe 192.168.1 halafu namba yake. Hapohapo akaitwa kwao kula.

Nikaandika mwenyewe. 192.168.1.1 kwenye laptopu, 192.168.1.1 kwenye desktopu. Nyumba moja, meza moja, anwani moja. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Windows ikasema kuna mgongano.

Dogo akarudi na punje ya wali kidevuni, akafuta, desktopu akaipa 192.168.1.2. Yale mambo ya 255.255.255.0 yakajijaza yenyewe. Kuna kisanduku kinadai geti la kutokea nje. "Acha wazi, huna ruta." Hapo nilielewa upesi. Hata nyumba yangu haina geti.

Sasa zikaonana. Nabonyeza folda ya harusi, inaniuliza jina na paswedi. Mimi! Desktopu nimenunua kwa hela yangu, miaka yote unawasha unaingia. Kumbe asiye na paswedi Windows inamruhusu akija kukaa kitini mbele yake, akipitia kwenye waya inamfungia. Ikabidi nijiwekee paswedi ili nijifungulie mwenyewe. Nimeiandika nyuma ya kalenda.

Na mwendo wenyewe! Desktopu ni ya megabiti 100. Nikadhani megabaiti 100. Wapi. Mtandao unapimwa kwa biti, faili kwa baiti, nane kwa moja, ili watu kama mimi tusijue tunavyopunjwa. Ikaenda megabaiti 11 kwa sekunde, zaidi ya saa nne. Nikalala kwenye kochi nikilinda kebo isikanyagwe.

Jumatatu ofisini tukakuta umeme umekatika. Laptopu yangu ina chaji, nikachomeka waya wa ofisi, nikasubiri. Umeme ukarudi. Intaneti sasa: inakuja, inakimbia, inakuja, inakimbia. Nililalamika kuliko wote. Nilipiga meza. Nilisema ofisi hii haina watu makini.

Kijana wa IT akaanza kupita. "Kuna mashine imejipa 192.168.1.1, anwani ya ruta. Ruta ilichelewa kuwaka, ikakuta kiti kimekaliwa."

Nikacheka. Nikasema watu wengine bwana.

Akaenda kwenye swichi, akawa anachomoa waya mmoja mmoja. Akafika wa kwangu. Huko uhasibu mtu akapaza sauti, "Imerudi!" Akauchomeka tena. "Imekata!" Akauchomoa. "Imerudi!"

Bosi akatoka chumbani kwake. "Nani huyo anayetukatia?"

Kidole cha kijana kikanijia moja kwa moja, bila kupitia ruta.