Jinsi ya Kuharibu Riwaya Ukiwa Kapalamsenga

Hongera kwa kununua daftari kubwa. Kabla hujaandika neno, mhamishe mhusika wako. Asilale kijijini kwenu Kapalamsenga hata usiku mmoja. Mpangishie nyumba Masaki, Dar es Salaam, yenye ngazi za kuzunguka kama ulizoziona kwenye tamthilia. Wala usimpandishe treni ya Mpanda. Humo abiria huongea hadi Kaliua, na wakiongea utalazimika kuwasikiliza.

Euphrase Kezilahabi hakuonywa. Rosa Mistika yake ya 1971 aliianzia Namagondo, Ukerewe, kijijini kwao kabisa. Shafi Adam Shafi naye, katika riwaya yake ya Kuli, akashinda bandarini Zanzibar na wabeba mizigo mpaka wakagoma. Wewe una machimbo ya shaba hapo jirani: pita mbali. Ukijua jiwe linavunjwaje na nani anamdai nani, riwaya itaanza kujiandika yenyewe, nawe utabaki na kazi gani?

Sura ya kwanza ifunguliwe na jua likichomoza kutoka majini. Waandishi wa pwani wamefanya hivyo na wakasifiwa. Kwamba jua la Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, huchomoza nyuma ya vilima na kuzama ziwani, upande wa Kongo, hayo ni mambo ya jiografia.

Kisha mapenzi, na mapenzi hayaendi bila mbalamwezi. Hapa naomba uwe makini, maana ndipo vijana wengi wa mwambao huponea chupuchupu kuandika vizuri. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani: taa inawashwa, samaki wanaifuata, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina la kuwaambia dagaa. Mitumbwi inalala mchangani. Wavuvi wanashona nyavu, muuza chapati anafungua daftari la madeni, mwanamume aliyezoea kutoka usiku anashinda ndani akimtazama mkewe sufuria baada ya sufuria. Mwandishi mzembe angeona hadithi hapo. Wewe andika kwamba mwezi uling'aa kama sahani ya fedha, uendelee na safari.

Katika mazungumzo, Mfipa, Msukuma, Mbende na mgeni aliyevuka kutoka Kongo wote waseme Kiswahili kimoja, cha taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kijana akimtongoza binti aseme, "Je, unaafiki pendekezo langu?" Binti aafiki.

Usirudie kuandika. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilizinduliwa 2022. Peleka rasimu ya kwanza, ile yenye doa la chai, waamuzi waone ulivyohangaika. (Kusoma wengine pia achana nako. Utajikuta unaona wivu, na wivu humfanya mtu afute sentensi.)

Hatari imebaki moja: kumsomea mtu kwa sauti. Hasa shangazi anayeanika dagaa. Atakusikiliza huku akifukuza kuku, kimya, mpaka ufike pale shujaa wako anapoporomosha noti mezani chini ya mwezi mpevu.

"Mwanangu," atasema, "huyo hela kazitoa wapi, na mbalamwezi yote hiyo?"

Mjibu kwamba hiyo ni fasihi. Kisha kamsaidie kufukuza kuku.