Ombi la Kumsajili Mtembeaji wa Hisani wa Oldonyo Sambu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nchi yetu ilishakubali zamani kwamba miguu ni chanzo halali cha mapato. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) hupandisha watu Kilimanjaro kuchangisha fedha za kupambana na UKIMWI, na Serikali haioni aibu kusimama nao. Jirani zetu wamefika mbali zaidi. Mwaka 2012 Mkenya Zack Kimotho, aliyepooza, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akitangaza kwamba anakwenda Afrika Kusini, kilomita zipatazo 4,000, labda Wakenya wamrudishe kwa kuchanga shilingi zao milioni 250 za kujenga kituo cha walioumia uti wa mgongo. Alielekea Namanga, kwenye barabara ambayo ikishavuka mpaka hupita Oldonyo Sambu kabla ya kuingia Arusha. Mantiki ni ile ile: mtu anajitesa hadharani, wenye nafasi wanaona haya, fedha zinapatikana. Ndiyo maana naomba Wizara yako imsajili mtembeaji wa siku nyingi kuliko hao wote, yaani mwanamke wa Oldonyo Sambu anayefuata maji.

Vigezo anavyo. Kwenye malango ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mzani, na ukizidi kilo 20 haupiti. Dumu la njano lililokuwa la mafuta ya kula, likijazwa maji mpaka shingoni na kuwekewa kipande cha nailoni chini ya kizibo lisivuje, lina kilo hizo hizo 20, na halina mzani wala lango. Hubebwa mgongoni, mkanda ukipita juu ya paji la uso, au hupakiwa kwa punda, mawili kila ubavu, mwenye punda akifuata nyuma na fimbo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilimpa kila mwanakijiji lita 25 kwa siku. Kwa nyumba ya watu sita hizo ni lita 150, madumu saba na nusu, bado hujamhesabu ndama wala punda mwenyewe. Tena anatembea peke yake kweli. Anayepanda Meru haruhusiwi kwenda bila askari mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati. Wa Kilimanjaro lazima awe na mwongozaji, na nyuma yao wapagazi na mpishi, kisha anarudi kwao kusimulia jinsi alivyopambana na mlima peke yake. Binti anayetoka alfajiri na dumu, chini ya Meru hiyo hiyo, hapewi hata tochi.

Hapa Wizara inastahili shukrani. Sera hiyo hiyo ilitaka kituo cha maji kisizidi mita 400 kutoka nyumba ya mwisho. Ingetekelezwa yote, nani angemchangia mtu aliyetembea mita 400? Umbali umetunzwa vizuri. Hata kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani ilitungwa kwa busara: huku mzigo uko mgongoni, na kuhusu mgongo hakuna aliyeahidi kitu.

Wapo watakaopinga. Watasema hii si hisani, kwa kuwa maji ni yake mwenyewe. Angalia basi nani anakunywa: watoto, mkwe, mgeni, mifugo, na yule wa Kilimanjaro naye hashuki bila cheti na picha ya kilele cha Uhuru. Watasema ni mila. Kama kuleta maji ni kazi ya mila, Wizara ya Maji ni ya nini? Pingamizi lenye uzito ni la wanaosema miradi ipo, na ni kweli ipo. Mradi wa Jiji la Arusha peke yake, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni wa shilingi bilioni 520. Lakini bomba lililozinduliwa na bomba linalotoa maji ni vitu viwili, na upande huu wa Meru, ambao mvua huukwepa, hata maji yaliyofika yana kesi yake. Miamba ya volkano ya Meru huyatia floridi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na, ikizidi kwa miaka, kupinda mifupa. Wizara inalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ina kituo cha utafiti wa kuiondoa pale Ngurdoto, upande wa pili wa mlima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tulijiruhusu 4, tukasafisha visima vingi bila kuvigusa.

Hoja yangu, Mheshimiwa, ni ya kihasibu. Huduma ambayo Serikali imeiahidi na haijafika haikosi mlipaji. Hapa inalipwa kwa saa na kwa magoti. Mwanamke huyu haombi msaada. Yeye ndiye anayetoa, na anayepokea ni Wizara. Azimio la Arusha, lililopitishwa pale mjini Januari 1967, lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote nchini, likaonya pia tusiegemee zawadi na mikopo. Mwalimu Nyerere akaliunga mkono kwa kutembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka huo huo. Alitembea, akafika, akapumzika.

Kwa hiyo naomba aandikwe kwenye orodha ya wadau wa maendeleo, karibu na hiyo benki, na mchango wake ukadiriwe kwa bei anayotoza muuza maji wa punda kwa dumu moja, mara siku 365, kisha jumla isomwe katika hotuba ya bajeti. Akitakiwa kutunukiwa cheti, hafla iwe alasiri. Asubuhi yuko foleni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mlipakodi

Nakala: Wizara ya Fedha, kwa hatua.
Wakala wa Maji Vijijini (RUWASA), kwa taarifa.