Namna ya Kumhoji Marehemu Aliyeacha Shajara

Kijana wa Bwiza, Bujumbura, unayetaka kuandika historia ya siasa za Burundi, jiandae kukutana na marehemu wengi wenye mwandiko mzuri na majivuno makubwa. Walisafiri, walihubiri, walitawala, na jioni wakakaa kuandika ya siku hiyo. Shajara zao ni hazina kwelikweli, nazo zina mitego. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Usimpigie mtu saluti kwa sababu tu amekufa

Nenda Mugere, kusini mwa Bujumbura. Utakuta jiwe lenye majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Piga picha, kila mtu hupiga. Kisha uliza tarehe hiyo inafuata kalenda ya nani. Stanley ameandika kitabuni kwamba alimkuta Livingstone Ujiji, Tanzania ya leo, kabla ya safari yao ya Mugere, tarehe 10 Novemba. Livingstone, aliyekuwa amepoteza hesabu ya siku, ameliweka tukio hilohilo mwezi Oktoba. Mabwana hawa walikula chakula kimoja, huyu akiwa Oktoba na mwenzake Novemba! Ikiwa hata mwezi umewashinda kukubaliana, usiwaamini haraka kuhusu nani alikuwa mfalme wa nani.

Hatua ya 2: Tafuta ukurasa uliochanwa

Salamu ya Stanley pale Ujiji, “Daktari Livingstone, nadhani?”, inajulikana dunia nzima. Lakini kurasa za shajara yake zilizohusu mkutano huo zilichanwa. Salamu imebaki katika habari na kitabu alichochapisha baadaye. Kwa hiyo ukipewa shajara, anza kwa kuhesabu karatasi. Pengo nalo ni shahidi: lihoji nani alichana, na alinufaika nini.

Hatua ya 3: Pima umbali kati ya tukio na wino

Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona watu wakiuawa sokoni Nyangwe, Kongo ya leo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Mwaka 1872 alinakili upya katika daftari safi, na mwaka 1874 Horace Waller akahariri na kuchapisha. Ilipofika 2011, watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walitumia picha za mwanga maalumu kulisoma lile gazeti. Walikuta kwamba njiani mambo yalibadilishwa, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Wanahistoria wa Uingereza ya karne ya 17 wanaujua vizuri mtego huu. Samuel Pepys, mtumishi wa idara ya jeshi la majini, aliandika kwa hati mkato kuanzia 1660 hadi 1669, matukio yakiwa bado moto. John Evelyn aliandika upya sehemu kubwa ya shajara yake miaka mingi baadaye, akiwa ameshajua nani alishinda na nani alikatwa kichwa. Wasome wote wawili, ila Evelyn muulize mara mbili. 

Hatua ya 4: Msikilize aliyenukuliwa

Stanley alipopita Imbo, Ruhinga, ndugu yake mtawala Mukamba, ndiye aliyemweleza mito inayoingia mto Rusizi. Kutoka hukohuko akapata habari za vita kati ya Mukamba na mtawala jirani, Warumashanya. Kalamu ni ya mgeni, maarifa ni ya wenyeji, nao walikuwa na ugomvi wao na sababu zao za kusema hivi au vile.

Fanya vivyo hivyo na Mapadri Weupe, ambao Kardinali Lavigerie aliwaagiza kila misheni iwe na shajara. Za Muyaga, iliyoanzishwa 1898, na Mugera, 1899, zina thamani kubwa kwa mtafiti wa utawala wa mfalme Mwezi Gisabo. Padri akiandika kwamba watu wanasema, uliza watu gani. Mara nyingi ni wale waliokuwa karibu na mlango wake.

Hatua ya 5: Nunua kaye, yaani daftari

Septemba 1961 chama cha UPRONA cha Louis Rwagasore kilishinda viti 58 kati ya 64 vya Bunge. Tarehe 13 Oktoba akauawa. Barua na ripoti za watawala wa kikoloni zimehifadhiwa Ubelgiji. Lakini Bwiza na mtaa jirani wa Buyenzi, ambako alikuwa na wafuasi wengi, habari nyingi bado ziko vinywani mwa wazee.

Basi mwendee mzee kwa adabu. Msalimie, muulize afya na wajukuu, usimkate kauli. Andika tarehe ya mazungumzo na tarehe ya tukio. Tenga alichokiona kwa macho yake na alichosimuliwa. Usiku usirembeshe maneno yake. Ukitaka kusahihisha, tumia ukurasa mpya na uweke tarehe.

Anza wiki hii, maana wazee hao hawatatusubiri. Tukichelewa, mwanahistoria wa kesho ataijua Bwiza kwa kalamu za waliotutawala peke yake, wala hatakuwa na shahidi wa kuwapinga.