Barua ya wazi kwa Hazina: asilimia tatu na nusu ya ujuzi

KWA: Hazina, Dodoma
YAH: KUPOKELEWA SALAMA KWA TOZO YA KUENDELEZA UJUZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Barua hii inatoka Nyanda za Juu Kusini na, kama ilivyo adabu, inatanguliza pongezi. Kila mwezi mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hupeleka TRA asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa, na fedha hiyo imepewa jina tamu: tozo ya kuendeleza ujuzi. Hazina imeonyesha huruma pia. Zamani ilikuwa asilimia 6, ikateremshwa kidogo kidogo hadi kufikia hiyo ya sasa Julai 2023. Kilichobaki ni kuendeleza ujuzi wenyewe.

Kiwanda cha mbao kinacholipa mishahara ya shilingi milioni 20 kwa mwezi hutoa 700,000. Kwa mgawo wa miaka mingi, theluthi moja, yaani kama 233,000, ndiyo ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Theluthi mbili hubaki Hazina, na zimesaidia sana mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Nani atapinga mikopo? Huenda mtoto wa mpasua mbao akasoma chuo kikuu, Mkwawa pale Iringa au MUST pale Mbeya. Baba yake, ambaye tozo ilikatwa kwa hesabu ya mshahara wake, ataendelea kusoma kwa macho.

Na kusoma kwa macho kuna darasa lake Mafinga, wilayani Mufindi. Mashine inaitwa dingdong: fremu ya chuma, injini ya dizeli, mkanda, na msumeno wa duara ambao mara nyingi hauna kinga. Kijana aliyeanza kazi Jumatatu anasimamishwa upande wa kupokea mbao, anaambiwa aangalie wenzake wanavyofanya na asiweke mkono pale. Basi, mafunzo kazini yamekwisha. Msumeno ni mnene, kila unapopita unageuza unga sehemu ya gogo ambayo mwenye shamba aliilea kwa miaka. Meno yakinolewa vibaya, ubao unatoka mnene huku, mwembamba kule, na mnunuzi anashusha bei bila kuuliza nani alinoa. Kunoa na kupanga meno ni kazi inayofundishika. Kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kipo hapohapo Mafinga, tena kimekuzwa kwa msaada wa Ufini. Wafini wametoka kwenye theluji yao hadi Mufindi kugundua kwamba Mufindi wanapasua mbao.

Dingdong yenye watu tisa hailipi tozo, kwa hiyo haina la kudai. Kiwanda cha jirani chenye watu tisini kinalipa, kisha kikitaka kumpeleka mnoaji wake kozi, kinaingia mfukoni mara ya pili. Usawa gani tena unatafutwa?

Mbeya mambo ni ya kompyuta. Malori ya barabara ya Tanzam, yanayopanda kwenda Tunduma, siku hizi yana injini zinazotawaliwa na vifaa vya kielektroniki. Fundi wa gereji aliyezoea kusikiliza injini kwa sikio anaitwa kwenye urasimishaji wa ujuzi, mpango mzuri kwa kweli: anapimwa, anapewa cheti cha ufundi alioupata mtaani. Cheti kinathibitisha anachokijua. Lori lililolala nje ya gereji linataka asichokijua.

Kenya wana ushamba wao: mwajiri hutoa shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, kupitia mamlaka yao ya mafunzo ya viwanda, NITA. Akishapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kuomba arudishiwe gharama. Kurudisha! Barua hii inaomba radhi kwa kulitaja neno hilo mbele ya Hazina.

Hata nyumbani kuna kumbukumbu za aibu. Mwaka 1973, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, lilitoka agizo kwamba sehemu za kazi ziendeshe elimu ya wafanyakazi. Darasa likawa suala la kiwandani, si la baada ya kustaafu. Bahati nzuri nchi imekua, siku hizi kuna semina elekezi, yenye chai, vitafunwa na picha ya pamoja.

Ombi ni dogo. Hazina iruhusu kiwanda kilicholipa tozo kijaze fomu ya ukurasa mmoja: jina la mfanyakazi, kozi aliyosoma, risiti ya chuo. Ikitokea ni mnoaji wa misumeno wa Mafinga au fundi umeme wa magari wa Mbeya, arejeshewe mwajiri wake walau sehemu. Kama fomu ni gharama, viwanda vya Mufindi vitachangia mbao za kutengenezea kabati la kuzihifadhi, ingawa unene wake hautalingana.

Naomba kuwasilisha.

Nakala: VETA Iringa na VETA Mbeya, kwa taarifa; theluthi mbili zilizobaki, popote zilipo, kwa utekelezaji.