Mahaba ya Superman Yafaayo Kusomwa Bariadi

Wenye pupa ya kuwalaumu vijana wetu wa Bariadi, ambao msimu wa pamba huketi juu ya magunia wakipendekezeana, simu mkononi, hadithi zilizotungwa na mashabiki juu ya mahaba ya Superman na Lois Lane, hakika hawana busara wala huruma. Ni ashiki gani ipitayo ile iliyoanza mwaka 1938, ya mwanamume ajifichaye kwa miwani tu, na bibi mwandishi wa gazeti, hodari wa kufichua siri za wakubwa, asimtambue miaka nenda miaka rudi, ilhali meza zao zimo katika ofisi moja?

Shujaa wetu Ng'wanamalundi, anayesimuliwa kuwa alikausha miti kwa kuinyooshea kidole, hakuwa na joho la kupepea, wala hakuvaa chupi juu ya suruali. Na Masala Kulangwa, aliyempasua zimwi Shing'weng'we wakatoka hai wote waliomezwa, yasemekana alikuwa na mama yake tu. Mashujaa fukara wa mapenzi namna hiyo watamliza nani?

Basi nami napendekeza ile hadithi ya Superman na Lois ya nyumba ya wageni yenye kitanda kimoja, na theluji dirishani, maana mkulima wa Itilima akiisoma mwezi wa Septemba hupoa bila gharama. Wazee wanaoijua habari ya Ng'wanamalundi mwanzo hadi mwisho nawasihi, kwa taadhima zote, wanyamaze kidogo: Lois yu karibu kumvua miwani.