Barua ya Wazi kwa Ofisi Yenye Kopo la Rangi Nyekundu

YAH: MWENENDO WA NYUMBA YA FREMU, WILAYA ZA KASULU NA KIBONDO

Nyumba ya fremu ni jengo la kando ya barabara lenye maduka mbele, vyumba vya kulala nyuma, na ua unaobeba yaliyobaki: jiko, choo, kamba ya nguo na kesi za wapangaji. Kasulu na Kibondo zinazo za kila rika. Zile kongwe zilianza na matofali mabichi ya udongo mwekundu na paa la nyasi. Bati, saruji na plasta vilikuja baadaye, kimoja kimoja, kadiri maharage yalivyouzika. Ofisi inayochora X ya kubomolewa kwenye kuta za nyumba hii huenda haina jalada lake, ndiyo maana maelezo haya yanawasilishwa.

Sifa kuu ya jengo hili ni utii. Mwaka 1971, Serikali ilipotwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyumba ya udongo ya Buha, nchi ya Waha, ilisalimika kwa umaskini wake; hakuna mthamini ambaye angeifikisha kiwango hicho, hata angehesabu na panya wa darini.

Mwaka uliofuata ilianza Operesheni Kigoma. Waha waliokuwa wametawanyika vilimani, kila kaya na migomba yake, walitakiwa kuhamia vijijini, na vijiji vingi vikapangwa kando ya barabara ili shule, zahanati na viongozi wawafikie kwa urahisi. Waliochelewa kuelewa walisaidiwa na malori. Kwa lugha ya ofisi ya leo, basi, wavamizi wa hifadhi ya barabara waliletwa na Serikali yenyewe, wakaonyeshwa viwanja, wakahimizwa wajenge haraka. Kosa wakati huo lilikuwa kukaa mbali na barabara.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yakafungwa, duka la kijiji likafunguliwa, mara nyingine katika chumba kilekile. Rafu hazikubadilika, kilichopungua ni vitu. Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, na Mzee Mwinyi aliposhika nchi mwaka uliofuata, fremu zikajaa tena sabuni, vitenge na betri, na waliokuwa walanguzi wakaitwa wafanyabiashara bila hata kubadilisha mlango.

Kipindi cha neema hakikuletwa na mpango wowote wa maendeleo. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na wakimbizi wakamiminika Kasulu na Kibondo. Kuanzia 1996 Wakongo nao wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu. Nyuma yao yalifuata mashirika, na mashirika yanahitaji pa kulala. Vyumba vilivyokuwa na mifuko ya mihogo vikapigwa plasta na kuwekewa nyavu za mbu, choo kikahamia ndani, mlingoti wa redio ukasimikwa uani, na kodi ikalipwa kwa mwaka mzima. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012 mlingoti ulibaki ukifungiwa kamba ya nguo. Mwaka 2015 kambi ya Nduta ilifunguliwa tena, kamba ikafunguliwa kwa muda.

Ukuta wa nyumba ya namna hii ukikwanguliwa kwa kisu karibu na bawaba ya mlango, yote haya husomeka kwa mpangilio: chokaa, rangi ya mafuta ya buluu, nyeupe ya shirika, halafu nyekundu ya kampuni ya simu iliyojitolea kupaka bure. X ya ofisi imekaa juu ya tabaka hizo zote.

Sasa lami imefika, na hakuna anayeisikitikia: vumbi la barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu limeliwa vya kutosha. Hesabu yake ndiyo inayotatiza. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimepanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliye ndani ya kipimo cha zamani huchorewa X nyekundu, asubiri kubomolewa bila fidia. Aliyefuatwa na kipimo kipya hupata ya kijani, asubiri malipo. Jengo refu la kutosha linaweza hivyo kuwa haramu dukani na halali jikoni.

Kujitetea kwa ukongwe pia hakusaidii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Umri huo hata boma la Mjerumani haliufikii, na Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji, 1871, alikuwa ameshachelewa miaka minane. Yaliyojengwa baadaye husubiri tangazo la Waziri katika Gazeti la Serikali, na hadi sasa fremu ya kuuzia mawese na dagaa haijamshughulisha waziri yeyote.

Yamebaki mawili ya kiutendaji. Kwanza, itajwe mapema barabara itataka mita ngapi safari ijayo, ili misingi mipya ichimbwe nyuma ya hapo. Pili, kwenye kuta zilizopakwa na kampuni ya simu, X nyekundu haionekani kabisa. Ofisi inashauriwa itumie kijani.