Shajara ya Karani wa Stoo, Chini ya Ncha ya Kusini

17 Februari

Ndege ya mwisho ya msimu imeruka leo. Mtetemo wake umetufikia huku chini, kisha pakatulia. Kwa kawaida hakuna nyingine itakayotua Ncha ya Kusini mpaka mwisho wa Oktoba, na watu waliobaki kituoni ni 40 na ushei. Nahodha ametukusanya akasema, "Wanangu, wakati wa kutoka ndio huu." Ameniagiza niandike kila litokealo, kubwa na dogo, kwa kuwa mimi ni karani wa stoo na hesabu zote ziko kwangu.

Kwa kumbukumbu: chombo kimenasa kwenye kina cha mita 1,600 hivi, kando ya nyaya za pembeni za kigunduzi cha IceCube, kama kilomita moja kutoka kituo cha Amundsen-Scott. Tulitua juu ya theluji kwa hitilafu ya usukani, theluji ikaendelea kutuangukia, tukaingia usingizini. Wanasayansi waliwahi kutoboa barafu ya jirani hadi mita 1,751, wakakuta ile ya chini kabisa ina umri wa miaka 54,000 hivi. Kila mmoja wetu amepiga hesabu yake kimoyomoyo. Mpishi ameuliza kama posho ya muda wa usingizi italipwa. Nahodha amesema hilo litaamuliwa nyumbani. Nimeliandika.

20 Februari

Barafu yenye baridi kali namna hii hupitisha mawimbi ya redio vizuri, na ndiyo maana habari za juu zinatufikia. Leo kijana wa injini amesikia kwamba watu wa kituoni wana desturi: ndege ya mwisho ikishaondoka, hukaa pamoja wakatazama The Thing, filamu ya mwaka 1982. Inahusu kiumbe kutoka anga za mbali aliyefukuliwa barafuni, hapahapa Antaktika, na yaliyowapata waliomfukua. Kijana ametusimulia mkasa mzima wakati wa chakula. Serahangi amesogeza bakuli lake pembeni, hakula tena.

Nahodha amesema ndiyo sababu tutaondoka bila kubisha hodi. Nakubaliana naye. Watu wanaokaa miezi minane bila ndege, bila jua kwa miezi sita, wana haki ya kutoletewa mgeni wa ghafla.

24 Machi

Jua limezama huko juu. Litachomoza tena Septemba.

Leo ilikuwa siku ya kupima mizigo. Hatutaondoka na chombo chote, maana ni kizito mno. Tutatumia mashua ya kuokolea, na mashua ina kipimo chake. Nahodha amefuata mfano wa Ernest Shackleton. Meli yake, Endurance, ilinaswa na barafu ya Bahari ya Weddell Januari 1915. Tarehe 27 Oktoba akaamuru watu waihame, na Novemba 21 ikazama. Aliruhusu kila mtu kubeba vitu binafsi vya uzito usiofika kilo moja, akaanza yeye kwa kutupa sarafu zake za dhahabu thelujini. Banjo ya Leonard Hussey ilisamehewa, kwa kuwa watu wangehitaji muziki. Wote 28 wa meli ile walifika nyumbani wakiwa hai. Nahodha haoni haja ya kubuni utaratibu mwingine, nami sioni.

Foleni ilikwenda haraka kuliko tulivyotarajia. Kila mzigo ulisoma gramu 900. Sufuria ya mpishi, gramu 900. Vitabu vya tabibu, gramu 900. Fundi alipoweka fuawe lake la chuma nalo likasoma gramu 900, tabibu akaomba mizani ifunguliwe. Grisi ya ndani ilikuwa imeganda usiku, mshale haukuwa unasogea. Upimaji utarudiwa. Fundi amesikitika sana, alikwishafunga kamba.

8 Aprili

Upimaji umerudiwa, na limezuka suala zito.

Bara hili lina sheria yake. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini mwaka 1959, na Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika mwaka 1998, inataka taka ziondolewe, zisitelekezwe barafuni. Sisi hatukutia saini, lakini tumekaa kwa watu, na Nahodha hataki tusemwe vibaya. Ameamuru kila kitakachotupwa kifungwe, kiandikwe, kibebwe.

Asubuhi Nahodha ametoa mfano kama Shackleton. Amevua mkufu wake wa cheo, akatupa sakafuni pamoja na darubini yake ya zamani. Tumenyamaza kwa heshima. Kijana wa injini, ambaye yuko zamu ya taka, ameviokota, akavitia mfukoni, akaviandika namba na kuvipakia kwenye mashua. Serahangi naye akatupa viatu vyake vya sherehe. Vimepakiwa. Hadi mchana kila mtu alikuwa ameacha kilo zake kwa moyo mkunjufu, na mashua ilikuwa na uzito uleule.

Tabibu ameomba nafasi ya kusema. "Mzee, kama kila tunachokiacha ni taka, basi na chombo ni taka. Nani atakibeba?" Hakuna aliyejibu. Nahodha ameahirisha kikao.

9 Aprili

Nahodha ametoa uamuzi. Kitu kilichobaki mahali pake ndani ya chombo, kisafi na kikavu, ni mali iliyoachwa kwa dharura. Kitu kilichotupwa ni taka. Kwa hiyo mkufu na darubini vimerudishwa rafuni, viatu vimerudi kabatini, na mafuta yote, betri na dawa vitabebwa hata ikibidi sisi wenyewe tukae tumebanana. Chombo kitaachwa kikiwa kisafi na kikavu.

Uamuzi huu ni wa haki, lakini umeniuma. Barafu ya hapa haikutulia. Inasogea kama mita 10 kila mwaka kuelekea upande wa Bahari ya Weddell, ndiyo maana kila Januari mosi watu wa kituoni huipachika upya alama ya Ncha. Chombo chetu kitakwenda na barafu hiyo polepole mpaka kwenye bahari ileile iliyoimeza Endurance. Meli ile ilionekana tena Machi 2022, ikiwa kwenye kina cha mita 3,008, na jina lake bado linasomeka. Nimemwomba fundi asugue jina la chombo chetu. Amekubali.

2 Mei

Leo limetokea jambo la kusikitisha.

Nieleze kwanza majirani zetu. IceCube ilipokamilika Desemba 2010 ilikuwa na nyaya 86 zilizoteremshwa kwenye mashimo yaliyochimbwa kwa maji ya moto, na vihisi 5,160, kila kimoja kikiwa ndani ya tufe la kioo gumu, macho yakitazama chini. Kazi yao ni kungojea nyutrino, chembe zinazopita katika sayari nzima bila kugusa kitu. Mara chache sana moja hugonga barafu, na hapo hutoka mwanga hafifu wa bluu. Barafu ya kina hiki ni angavu ajabu, kwa kuwa mgandamizo umekwisha kuyamaliza mapovu ya hewa, na mwanga husafiri mbali. Mwaka 2017 waliidaka nyutrino moja, wakafuata njia iliyotokea mpaka kwenye galaksi iliyo mbali mno. Watu wanaokaa gizani kwa subira namna hiyo, kwa ajili ya kujua tu, mimi nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Kwa sababu hiyo taa zote humu zimezimwa, na madirisha yamezibwa. Leo kijana wa injini amefungua kabati kutafuta soksi. Kabati lina taa inayojiwasha yenyewe. Dirisha la upande ule lilikuwa limebanduliwa kitambaa kwa ajili ya kufuliwa.

Nahodha ameuliza taa ilikuwa rangi gani. Kijana amesema bluu.

3 Mei

Kitambaa kimerudishwa kikiwa kibichi. Mpishi amepika gizani. Tumekula.

21 Juni

Huko juu leo ni katikati ya majira ya baridi. Vituo vya bara zima vinatumiana salamu na watu wanakula vizuri. Nahodha ameona nasi tule vizuri, tena tujaribu mashua siku hiyohiyo.

Mpango wa fundi ni huu. Pua ya mashua ina joto, inayeyusha barafu iliyo juu yake. Maji yanateremka ubavuni na kujaa chini, mashua inaelea juu ya maji hayo, inapanda. Nyuma yake maji yanaganda tena na njia inajifunga. Gharama yake ni kubwa. Barafu ya hapa iko nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, na kuyeyusha mita moja ya ujazo kunakula umeme wa kilowati-saa 100 hivi. Tumeweka akiba ya kutosha kwa shimo jembamba. Mashua yenye tumbo haipiti.

Jaribio limefaulu kwa urefu wa mashua yenyewe. Tatizo limetokea mlangoni. Maji yakiganda huvimba kwa asilimia 9 hivi, na yale yaliyobaki kwenye bawaba yameubana mlango fundi akiwa ndani. Serahangi alikuwa nje na sinia la sikukuu. Wamezungumza kwa kugongeana. Fundi amegonga kwamba ana njaa. Mlango umefunguka baada ya kumwagiwa chai yote ya leo, ya kesho, na mchuzi. Fundi amekula mkate mkavu, akatushukuru, akarudi kupaka grisi ya aina nyingine.

15 Julai

Fundi amekuja na hesabu mpya. Mita 120 hivi za juu kabisa si barafu kamili. Ni theluji iliyoshindiliwa, bado ina matundu ya hewa. Maji yatanyonywa humo, na mashua haitaelea. Hata waliochimba mashimo ya IceCube walipita sehemu ya juu ya tabaka hilo kwa mtambo mwingine kabla ya kuanza na maji ya moto.

Dawa yake ni makucha ya kupandia, manne kila ubavu. Chuma kinachofaa kimepatikana kwenye vitanda. Vitanda vimekatwa.

16 Julai

Tabibu ametoa dawa ya mgongo kwa watu wote, kisha kwake mwenyewe.

3 Agosti

Tumeita majina ili kuzoea. Mara ya kwanza alipungua mtu. Tumetafuta kila chumba, kwa kupapasa, kwa sababu ya giza. Alikuwa ni mpishi, amelala ndani ya mashua kwa kuwa ndiko kulikobaki godoro. Nahodha hakumgombeza. Amesema yule ndiye peke yake aliyekuwa mahali panapotakiwa, akaagiza wote tulale humo kuanzia leo.

Serahangi ameuliza kuhusu zumari lake, lenye uzito wa kilo moja na nusu. Nahodha amelisamehe, kwa mfano wa banjo.

19 Agosti

Tunaondoka leo. Jua bado halijarudi, na madirisha ya kituoni huzibwa majira haya ili mwanga wa ndani usiharibu vipimo vya anga, kwa hiyo hakuna atakayeamshwa. Majina yameitwa, wote tupo. Matangi ni makavu. Taka zimo kwenye mashua, nami nitazikalia. Jina la chombo limesuguliwa na linasomeka vizuri.

Shajara hii naiacha juu ya meza ya stoo, mahali pake. Kwa atakayeipata naomba jambo moja, awafikishie wanasayansi wa IceCube. Mwanga wa bluu wa tarehe 2 Mei, pembeni mwa safu, kwenye kina cha mita 1,600, haukutokana na nyutrino. Ilikuwa taa ya kabati. Tafadhali uondoeni katika hesabu zenu.